Muswada Unapochekesha Pabaya: Kutafuta Hitilafu Katika Riwaya ya Mapenzi Yenye Ugonjwa Ndani

Riwaya ya mapenzi na vichekesho ikibeba ugonjwa wa kweli huharibika kwa njia chache, na zote zinajulikana. Msomaji anacheka mpaka sura ya sita, halafu anakifunga kitabu. Mwingine anafika mwisho bila kucheka hata pale ulipomwandalia. Wa tatu anacheka sana, kisha anajiona mtu mbaya kwa kucheka. Mwandishi akiletewa malalamiko hayo hukimbilia kuongeza mizaha au kuipunguza, kama mpishi anayeonja mchuzi. Kwa miswada niliyowahi kuihariri, dawa hiyo hufanya kazi mara chache sana. Hitilafu huwa kwingine: mwandishi anaujua ugonjwa kwa jina lake na huzuni yake, lakini haujui kwa shughuli zake. Hajui mgonjwa anapanga foleni gani, anapimwa kwa kifaa gani, anakatazwa nini kwa muda gani, na majirani wanaona nini wakati hayo yakitendeka. Vichekesho vizuri karibu vyote viko kwenye shughuli hizo, na uzito wa kweli uko humohumo.

Nitatumia muswada mmoja wa kubuni, niliousuka kwa ajili ya maelezo haya. Unatokea Tanga mjini na ugonjwa wake ni busha. Nimelichagua makusudi, kwa sababu pwani yetu hailitanii gonjwa lolote waziwazi kama hilo, na wenye nalo hawalizungumzi. Bakari ni fundi baiskeli wa Ngamiani, ana miaka 34. Mwanaidi ni mwalimu wa shule ya msingi, anakaa Makorora na mama yake na shangazi yake, Bi Rukia, ambaye mguu wake wa kushoto una matende. Chumu anauza madafu na ni rafiki wa Bakari tangu chuoni kwa maalimu. Aliyechagua ugonjwa mwingine atabadilisha vifaa. Njia ya kutafuta hitilafu ni ileile.

Nusu ya kwanza ni harusi, nusu ya pili ni wodi

Dalili yake ni kwamba wasomaji wako wote wanataja ukurasa mmoja. "Nilikuwa naburudika mpaka pale alipoanguka." Mhusika kaanguka soko la Mgandini, kakimbizwa hospitali, na tangu hapo hakuna anayetania mpaka ukurasa wa mwisho.

Chanzo ni kuuingiza ugonjwa kama ajali ya barabarani. Busha haliji hivyo. Minyoo inayolisababisha, Wuchereria bancrofti, huletwa na mbu, tena kwa kuumwa mara nyingi, miezi na miaka. Minyoo iliyokomaa hukaa kwenye mishipa ya limfu, ile inayorudisha majimaji ya mwili kwenye damu, kwa miaka kadhaa ikiiharibu, na maji hujikusanya polepole kuzunguka korodani. Mtu wa miaka 34 mwenye busha kubwa hajashtukizwa na kitu. Ameishi nalo, amelipangia maisha, na mipango hiyo ndiyo malighafi yako.

Kwa hiyo rudi sura ya kwanza ukajiulize mhusika amebadilisha nini katika siku yake ili ugonjwa usionekane. Bakari ni fundi baiskeli katika mji wa baiskeli, na yeye mwenyewe anaendesha baiskeli ya kike, ile isiyo na bomba la juu. Akiulizwa anasema ni ya mteja, anaijaribu. Mteja huyo hajawahi kuonekana. Suruali havai, ni kanzu asubuhi mpaka usiku, hata akiwa na grisi mpaka kwenye viwiko. Bodaboda hapandi. Barazani anakaa ukingoni kabisa, mguu mmoja nje, kama mtu anayeaga. Msomaji anaicheka baiskeli, bado hajui. Mama Mwanaidi, anayepita hapo kila asubuhi akienda sokoni, naye hajui, ila anaiona kanzu. "Vijana wa siku hizi suruali zinawabana mpaka pumzi," anamwambia wifi yake, "lakini yule wa baiskeli, mashallah, kanzu haimtoki." Ameanza kumpenda mkwe kwa sababu ambayo siyo.

Hapo uongo ni ule mdogo wa mteja tu, na mwili wa mtu haujachekwa. Siku msomaji anapoambiwa ukweli, anarudi mwenyewe kuikumbuka ile baiskeli, na kitabu hakikatiki kwa kuwa ugonjwa ulikuwamo tangu mwanzo umevaa kanzu. Faida nyingine inakuja mwishoni: Bakari akishafanyiwa upasuaji na kupona, ananunua jinzi, anapita mbele ya mama mkwe kifua mbele. Mama mkwe anashika shavu. Mkwe wake ameharibikiwa! Vitabu vingi huishiwa vichekesho mgonjwa akipona, kwa kuwa vichekesho vyao vyote vilitokana na kuumwa kwake.

Msomaji anacheka, kisha anaona aibu

Hii ndiyo hitilafu inayoua miswada mingi, na mwandishi hukataa kuiona kwa sababu watu kweli wanacheka anapowasomea. Wanacheka. Wakifika nyumbani wanakumbuka mjomba wao.

Wenyeji wa lugha hii hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta kanuni, maana utani tunao na una sheria kali. Babu anamwita mjukuu wake wa kike mchumba, mbele ya watu, na bibi anamwonea mjukuu huyo wivu wa kujifanya. Shemeji na shemeji hawapitani bila kutupiana neno. Mtani anaweza kuja msibani akaigiza mwendo wa marehemu, akazuia jeneza lisitoke mpaka apewe chochote, na wafiwa wakacheka huku machozi yanawatoka. Asiyekuwa mtani akijaribu robo ya hayo atatolewa nje. Mkwe, kwa upande wake, hataniwi. Mizaha yote hiyo ina leseni, na leseni inatokana na uhusiano.

Basi chukua kalamu, pitia kila mzaha unaogusa ugonjwa, andika pembeni: nani anasema, anamwambia nani, wana uhusiano gani, na aliyetaniwa anajibu nini. Utagundua kwamba mizaha mibaya ina mwenyewe mmoja, naye ni msimulizi. "Bakari aliingia, busha likatangulia." Nani kasema? Hakuna mtu. Msimulizi si mtani wa Bakari, hajala naye, hajamzika mzazi wake. Futa.

Sasa mpe Chumu nafasi hiyohiyo. Bakari anafika kijiweni, Chumu anasogea kumpisha.

"Karibu bwana, wewe na mgeni wako."

"Mgeni gani? Huyu mpangaji. Na kodi halipi."

Kitu kilekile kimetajwa, pengine kwa ukali zaidi, lakini msomaji anacheka pamoja na Bakari. Ninavyoona mimi, mgonjwa awe na jibu bora kuliko mtani wake, angalau mara mbili kati ya tatu. Ile ya tatu ashindwe, akose jibu, akae kimya. Hapo msomaji atapima mwenyewe kidonda kina kina gani, bila wewe kumweleza.

Kuna kisa cha kweli ambacho kila mwandishi wa ugonjwa huu angekitafakari. Mwaka 1877 daktari Mskoti, Patrick Manson, akiwa Amoy huko China, aliwaacha mbu wamnyonye damu usiku mtumishi wake wa bustani, Hin Lo, aliyekuwa na vimelea hivyo kwenye damu. Kisha akawapasua mbu wale kutazama ndani. Ndivyo ilivyofahamika kwamba mbu huchukua vimelea hivyo kutoka kwa binadamu, na Manson akapata jina kubwa katika tiba. Katika vitabu vya tiba kisa hicho ni cha Manson. Katika riwaya ya vichekesho kingekuwa cha Hin Lo, na alichomsimulia mkewe asubuhi. Ukiona muswada wako unasimuliwa kutoka upande wa anayeshika hadubini, sababu ya aibu ya msomaji umeshaipata.

Daktari anahutubia

Dalili: kurasa mbili za mazungumzo ya hospitali ambazo ukizikata ukazibandika ukutani kwenye zahanati hakuna atakayestuka. Daktari anaeleza, mgonjwa anauliza "Je, daktari, dalili zake ni zipi?", daktari anaeleza tena.

Chanzo ni kumpa elimu mtu asiye na shida nayo. Daktari hapati wala hapotezi kitu Bakari akielewa au asipoelewa. Itafute taarifa hiyo midomoni mwa mwenye maslahi. Pwani nzima kuna imani kwamba madafu yanaleta busha. Hayaleti, linaloletwa na minyoo kwenye mishipa ya limfu halihusiani na kinywaji chochote. Sasa, ni nani Tanga anayeumia zaidi na uvumi huo? Chumu. Kila mwanamume anayesita mbele ya baiskeli yake na kuagiza soda anamtia hasara. Kwa hiyo Chumu amejifunza, ameuliza wauguzi, anajua jina la mnyoo na anajua kwamba mbu wa aina ya kyuleksi hupenda kuzaliana kwenye maji machafu ya vyoo vya shimo na mitaro. Anahubiri barabarani kuliko afisa afya. Na hakuna anayemwamini, maana anauza madafu! Ukweli wote wa kitabibu umeingia kitabuni, umebebwa na mtu anayechekesha kwa sababu anasema kweli.

Halafu daktari naye apewe kazi ya kufanya badala ya maneno. Njia mojawapo ya kutofautisha busha na ngiri ni kumulika: chumba kinatiwa giza, mwanga unawekwa nyuma ya uvimbe. Maji hupitisha mwanga, uvimbe unang'aa mwekundu. Utumbo ulioshuka haupitishi. Andika chumba hicho. Umeme umekatika, hakuna haja ya kuzima taa. Daktari kijana anatoa simu yake awashe tochi. Bakari, aliyeificha siri hii miaka yote chini ya kanzu, anaitazama simu.

"Daktari, samahani. Hiyo ina kamera?"

"Kila simu ina kamera, kaka yangu."

"Basi tusubiri umeme."

Daktari anaielewa hofu hiyo, anairudisha simu mfukoni, anamwomba muuguzi alete kurunzi ya wodi. Kurunzi inakuja, betri zimekwisha. Unaona jinsi msomaji anavyojifunza kipimo, anavyomhurumia Bakari na anavyocheka katika ukurasa mmoja, wala daktari hakuhutubia.

Kifaa kingine ambacho sijui kwa nini waandishi hawakigusi ni fimbo ya kingatiba. Mkoani Tanga ugawaji wa dawa za matende na mabusha kwa jamii nzima ulianza 2004, kwa hiyo riwaya inayotokea miaka ya ugawaji huo inaruhusiwa kuitumia. Dawa ni mbili, ivermektini na albendazoli, zinamezwa pamoja, mara moja kwa mwaka. Albendazoli ni kidonge kimoja kwa kila mtu. Ivermektini hutolewa kwa urefu: mgawa dawa anakusimamisha kwenye fimbo yenye alama, na mwenye sentimita 141 mpaka 158 anapata vidonge vitatu, wa 159 na kuendelea vinne. Bakari ana 158.

Foleni iko uwanjani, Mwanaidi yupo, na mbele ya Bakari kasimama Mwalimu Sefu, mrefu kama mnazi wa Pangani, anayemtaka Mwanaidi pia. Sefu kapewa vinne. Bakari anapewa vitatu. Anaamini cha nne ndicho kitakachomponya, na hataki kupungukiwa na mpinzani wake mbele ya binti. Anarudi kwenye fimbo, ndani ya kanzu ananyanyua visigino. Sasa ni 160. Mgawa dawa, mama wa mtaa huohuo, anamtazama juu, anamtazama chini.

"Kaka Bakari, hebu nyanyua kanzu kidogo nione visigino."

Uwanja mzima unasubiri. Bakari anashuka taratibu. "Vitatu vinatosha, dada."

Sipendi kuwaeleza waandishi kwa nini kitu fulani kinachekesha, lakini hapa tazama ni mambo mangapi yamebanwa kwenye pindo la kanzu moja: wivu, siri, matumaini yaliyokosea njia, na taratibu halisi ya afya ya jamii. Uchunguzi ndio uliokuletea. Ungeishia kuandika "walipewa dawa", usingepata hata mstari.

Ikiwa riwaya yako ni ya zamani zaidi, una zawadi kubwa kuliko fimbo. Vimelea wachanga wa mnyoo huyu hujaa kwenye damu ya pembeni usiku, hasa kati ya saa nne na saa nane, wakati mbu wanapouma. Mchana hujificha kwenye mishipa ya ndani. Kabla ya vipimo vya haraka vya tone la damu ambavyo hufanyika saa yoyote, wapimaji walipita usiku wa manane. Mkoa wa Tanga umeona kazi nyingi za namna hiyo, maana watafiti wa matende wamekuwapo Amani, Muheza na Tanga mjini kwa miongo mingi. Niambie ni shughuli gani nyingine ingemtoa binti wa Makorora nje saa sita usiku, akae kwenye mkeka karibu na kijana wa mtaa wa pili, kwa idhini ya baba yake.

"Si angesema tu?"

Msomaji akiuliza hivyo, kitabu kimekufa. Mapenzi yamezuiwa kurasa mia mbili na siri ambayo sentensi moja ingeimaliza.

Waandishi wengi hutibu kwa kuizidisha siri: barua inapotea, simu inaisha chaji, shangazi anaingia ghafla. Mimi nashauri kinyume. Mwache aseme, na aseme mapema. Sura ya saba, pale Raskazone jioni, Bakari anamwambia Mwanaidi kila kitu huku akiitazama bahari. Mwanaidi amekulia nyumba moja na mguu wa Bi Rukia. Tangu ana miaka minane ndiye anayemchotea shangazi yake maji ya kuoshea. Anajua kuwa mnyoo uliomvimbisha shangazi na uliomjaza maji Bakari ni mmoja. "Haya," anasema, "hospitali umekwenda?" Bakari alijiandaa kwa machozi, kwa kukimbiwa, hata kwa kofi, kwa swali hilo hakujiandaa, na hana jibu.

Kizuizi sasa kitoke wapi? Kitoke kwenye foleni ileile ya uwanjani. Dawa za kingatiba hazipewi wajawazito, na watoto wadogo wa chini ya miaka mitano pia hawapewi. Siku ile Mwanaidi alikataa kumeza kwa kuwa alikuwa na mtihani wa kusimamia na anaogopa kizunguzungu. Alisema tu, "Mimi leo sinywi." Mgawa dawa aliinua nyusi. Nyuma yake foleni ilisikia. Magharibi haijaadhiniwa, habari imeshafika Makorora kwamba mwalimu ana mimba, na inatafutwa ya nani.

Na Bakari anaamini. Mtu aliyeishi miaka kwa hofu ya kuvumishwa anauamini uvumi wa mwenzake ndani ya dakika moja. Huo ndio mgogoro wenye haki ya kuwatenganisha, kwa sababu umetoka kwenye tabia yake na hauna mlango wa haraka wa kutokea. Sasa wote wawili wana miili inayosemwa, na Bakari ndiye mwenye kosa. Mshenga aliyekwishabeba barua ya posa anairudisha barua hiyo mfukoni, anakwenda kunywa kahawa kwanza afikiri. Mshenga ni mhusika mzuri wa kuchekesha katika sehemu hii nzito. Yeye hana ugonjwa wala mapenzi, ana nauli tu anayoidai.

Mgonjwa malaika

Hii ni fupi. Mgonjwa wako hakasiriki, hadanganyi, hadaiwi, anatabasamu kwa maumivu. Uliogopa kumdhalilisha, ukamwua. Mpe ubahili. Mfanye Bakari asirudishe chenji. Bi Rukia awe mkali na mpenda umbea. Kila jioni saa kumi na moja anaosha mguu wake kwa sabuni, anakausha kati ya vidole, anaunyanyua juu ya mto, na ndiyo saa yake ya kutoa hukumu juu ya wachumba wote wa mtaa. Wanaojua nyumba hiyo hawaleti posa kabla beseni halijamwagwa. Usafi huo wa kila siku si mapambo ya mandhari: ndio unaozuia vijidudu kuingia kwenye nyufa za ngozi na kuleta homa na maumivu makali. Kwa hiyo siku ya sura ya kumi na mbili ambapo Bi Rukia yuko safarini, hakuosha, na homa ikampanda, msomaji ataogopa kweli. Alishamzoea akitukana.

Mwisho hauaminiki

Dalili: kila kitu kinapona kwenye sura ya mwisho, kwa wakati uleule harusi inapofika. Hapa chanzo kinaweza kuwa cha kitabibu kabisa, kwa hiyo angalia mambo yafuatayo kabla hujalaumu mtindo wako.

Dawa za kingatiba hupunguza vimelea kwenye damu ili mbu wasimpelekee mwingine. Busha ambalo limeshajaa haziliyeyushi. Kile kidonge cha nne kisingemsaidia Bakari hata angekipata. Kuyanyonya maji kwa sindano si tiba ya kudumu, yanarudi, na sindano inaweza kuleta maambukizi. Kinachomaliza ni upasuaji, nao ni wa kawaida, wala si wa kufa na kupona. Kwa hiyo ile sura yenye mgonjwa anayetoa wasia kabla ya kuingia chumba cha upasuaji itakuchekesha usipotaka. Itumie sasa ukitaka: Bakari anatoa wasia, anamwachia Chumu baiskeli ya kike, Chumu analia, muuguzi anamwambia Bakari avue saa na aache maneno.

Baada ya upasuaji kuna kidonda, kuna uvimbe unaochukua muda kushuka, na kuna wiki kadhaa za kutonyanyua vitu vizito na kusubiri ruhusa ya daktari kabla ya mambo ya ndani. Ukiweka harusi siku kumi baada ya upasuaji, fungate yako ina tatizo, na tatizo hilo ni mali. Somo, yaani kungwi wake, amemfunda Mwanaidi usiku na mchana, amempamba, amemfukiza udi, anakaa nje ya mlango kusubiri habari. Ndani, maharusi wanacheza karata. Siku ya tatu somo anaanza kutilia shaka ufundi wake.

Lakini ukichagua mguu wa Bi Rukia kuwa ndio moyo wa kitabu, usiahidi mwisho kama wa Bakari. Matende yaliyokwisha kuwa makubwa hutunzwa. Mguu haurudi kuwa kama wa zamani kwa sababu watu wameoana. Riwaya ya vichekesho inaweza kuisha vizuri huku mguu ukiwa vilevile. Kinachobadilika kiwe ni nani anachota maji ya beseni.

Hesabu na dawa za magonjwa mengine

Miswada ya selimundu huja na kosa moja la hesabu. Wapenzi wote wawili wana chembe moja ya urithi ya ugonjwa huo, ambayo kwenye kipimo huandikwa AS, na mwandishi anaandika kwamba "mtoto mmoja kati ya wanne ataumwa", kisha anawapa watoto watatu wazima na kumfanya wa nne awe na ugonjwa. Hesabu haiendi hivyo. Kila mimba ina uwezekano wa robo wa mtoto mwenye ugonjwa, nusu wa mtoto mwenye chembe moja kama wazazi, na robo wa asiye nayo kabisa, na kila mimba inaanza upya bila kukumbuka zilizotangulia. Riwaya ikilielewa hilo, mazungumzo ya wachumba yanakuwa mazito zaidi, na shangazi anayepiga hesabu kwa vidole anachekesha zaidi.

Kwenye kisukari, mpenzi anayemkuta mwenzake akitetemeka na kutoka jasho kwa sukari kushuka, akamchoma insulini kumwokoa, anaweza kumwua. Anatakiwa ampe kitu chenye sukari, kama bado anaweza kumeza. Juisi ya miwa inatosha kuwa shujaa wa sura hiyo.

Vichekesho vimeshuka na ndege

Wapenzi wanagongana mlangoni mwa mgahawa, kahawa inamwagika, vitabu vinaanguka. Tanga kahawa inakufuata ulipo, kwenye birika lenye mkaa chini yake, na kikombe ni kidogo kiasi kwamba kikimwagika hakuna mapenzi yatakayozaliwa. Ukiona tukio ambalo lingeweza kutokea mji wowote, tafuta shughuli ya ugonjwa inayolifanya litokee hapa tu. Ikikosekana, likate bila kulisikitikia.

Kabla hujautoa muswada

Wape watu wa aina tatu, kila mmoja peke yake. Muuguzi, asome sura za hospitali tu, na umwombe aweke alama kila anapocheka mahali ambapo hukukusudia. Mtu mwenye ugonjwa huo au aliyewahi kuwa nao, asome mazungumzo ya kijiweni. Huyu usimwulize kama ameudhika, maana kwa adabu atasema hapana. Mwulize yeye angejibu nini badala ya Bakari. Jibu lake likiwa bora kuliko lako, liombe. Wa tatu ni mama mmoja asiyejua kitabu kinahusu nini, wa umri wa Mama Mwanaidi, umsomee kwa sauti sura tatu za mwanzo. Akisema yule kijana wa kanzu anaonekana mtu mwema, endelea na sura ya nne. Akiuliza kwa nini kijana mzima anaendesha baiskeli ya kike, umefichua mapema mno: rudisha yule mteja asiyeonekana, mpe jina na deni la mipira miwili.